Maswali ya Wasomaji: Kikapu cha Pasaka Bila Pipi

Swali: Wanangu wa miaka minne na saba wanasoma hapa Marekani, na kila Pasaka wenzao wanapata kikapu kilichojaa chokoleti, kinachosemekana kuletwa na sungura wa Pasaka. Nataka na wao wapate, ila daktari wa meno keshatuonya. Mwaka jana nilijaza vitu vidogo vidogo vya plastiki, na kufikia Jumanne vyote vilikuwa takatakani. Niweke nini?
*Mama wa wawili, Minneapolis*

Jibu: Mama, tatizo lilianzia kwenye kikapu chenyewe. Vikapu vya madukani ni vikubwa kwa sababu vinategemewa kubeba maboksi ya chokoleti, ambayo nusu yake ni hewa. Ukiondoa chokoleti linabaki pengo, na hapo ndipo mtu anapoanza kuokota chochote cha dola moja ili kuliziba. Tafuta kikapu cha kipenyo cha sentimita 20 hivi, kisizidi 25. Vitu vitano au sita vitakijaza. Ndoo ya kuchezea mchanga nayo inafaa, maana chombo chenyewe kinakuwa zawadi.

Chini kabisa weka nguo iliyokunjwa: fulana, taulo la kuogelea au soksi. Nguo huinua vitu vilivyo juu yake. Nyuma simamisha kitu kirefu, na hapa tunapendekeza kitabu cha Kiswahili, kwa sababu shuleni hawatapewa. Katikati weka kitu kimoja cha kuchezea siku hiyo hiyo, bila betri wala gundi ya kwenda kununua. Jumapili ya Pasaka maduka mengi makubwa ya huko hufungwa.

Huyo wa miaka minne mtengenezee unga wa kufinyanga. Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, vijiko 2 vya chakula vya krimu ya tatari ("cream of tartar", iko kwenye rafu ya vitu vya keki), vijiko 2 vya chakula vya mafuta, vikombe 2 vya maji na rangi ya chakula. Songa kwenye moto mdogo dakika 3 hadi 5, mpaka uachane na sufuria kama ugali ulioiva, kisha ukande ungali na uvuguvugu. Ukinata mikononi, haujaiva. Urudishe motoni dakika moja zaidi. Wengi hukimbilia kuongeza unga mkavu, na kesho yake donge linapasuka. Ufungie kwenye kopo baada ya kupoa kabisa, la sivyo mvuke unageuka maji na juu panateleza. Kama mna mbwa, kopo likae mbali naye, kwani chumvi hiyo ni sumu kwake.

Wa miaka saba anafaa kamba ya kuruka. Ipime hivi: akikanyaga katikati ya kamba, vishikio vimfike kwapani. Ongeza karata au fumbo la picha la kuunganisha, la vipande 60 hadi 100.

Angalia pia tarehe. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25. Ikija Machi, kwenu theluji huenda bado iko uani, na chaki za kuchorea barazani zitakaa bure. Mwaka kama huo nunua vya kuchezea ndani.

Swali: Zile nyasi za plastiki za kikapuni zinanasa kwenye mashine ya kufagilia, na paka wetu anazitafuna. Kuna kingine?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Jibu: Zitupe leo. Nyuzi zile zikiingia tumboni mwa paka zinaweza kukunja utumbo, na mara nyingi mwisho wake ni upasuaji. Otesha nyasi za kweli, za ngano. Hizo paka akizitafuna hazimdhuru.

Nunua ngano nzima kwenye duka la vyakula. Usichukue mbegu za shambani, kwani nyingi zimepakwa dawa. Kikapu cha sentimita 20 kinataka nusu kikombe. Loweka Alhamisi jioni, siku kumi kabla ya Pasaka, kwa saa 8 hadi 12. Chuja, uziache kwenye chujio siku nzima huku ukizisuuza mara mbili, mpaka ncha nyeupe zichomoze. Tandika mfuko wa plastiki ndani ya kikapu, weka udongo wa sentimita 3 au 4, na utandaze mbegu zigusane bila kupandana. Zifunike kwa karatasi ya jikoni yenye unyevu siku mbili, kisha sogeza kikapu dirishani. Nyunyizia asubuhi na jioni. Jumapili nyasi zitakuwa kama sentimita 10.

Kinachoharibu ni maji kutuama, maana mfuko hauna tundu. Inamisha kikapu, maji ya ziada yatoke. Siku ya tatu utaona manyoya meupe kwenye mbegu, usiogope kwanza. Yanyunyizie maji: yakilala na kupotea ni vinyweleo vya mizizi, yakibaki na kunuka ni ukungu. Ondoa sehemu hiyo, punguza maji, ongeza hewa. Kitabu na karata usiviweke juu ya nyasi hizi, vitalowa. Siku zikiwa zimekwisha, kunja kipande cha kitenge, kinatosha.

Swali: Nafundisha Shule ya Jumapili. Watoto ni 30, wa mwaka mmoja hadi kumi, na tuna mayai ya plastiki ya kuficha. Tuweke nini ndani badala ya pipi?
*Mwalimu, Mombasa*

Jibu: Mwalimu, mpe kila mtoto mayai matano yenye namba yake, jumla 150. Bila namba, wakubwa watazoa yote kabla wadogo hawajafika. Ndani weka stika, kifutio, au kipande cha fumbo ambalo darasa zima litaliunganisha mwishoni.

Walio chini ya miaka mitatu watenge na mayai yao, na kila kitu chao kipitishe kwenye bomba la karatasi ya chooni. Kikipenya, kinaweza kumkaba, kiondoe. Kwa umri wowote, usiweke sumaku ndogo, betri bapa za duara, wala vishanga vinavyovimba kwa maji. Sumaku mbili zikimezwa hunatana ndani na kutoboa utumbo. Betri ikikwama kooni huunguza ndani ya saa mbili, hivyo mtoto anapelekwa hospitali mara moja, hata kama halii. Puto ni kwa wenye miaka minane na kuendelea.

Mkitaka na mayai ya kuchemsha yaliyotiwa rangi, yawe ya kuliwa mezani. Yai lililochemshwa halifai kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, kama mchana wa Mombasa, ni saa moja tu.