Bastola yako inapiga kushoto? Wacha saiti kwanza, angalia kidole

Ukifundisha walinzi kulenga shabaha hapa Kampala kuna sentensi utaisikia mpaka uichoke: "Afande, hii bastola mbovu, inapiga kushoto." Unaenda mnaangalia karatasi pamoja, na kweli matundu yote yamejazana kushoto, chini ya duara jeusi, duara lenyewe safi kabisa halijaguswa. Basi jamaa anataka nitoe nyundo nisogeze saiti ya nyuma kulia tumalize maneno (saiti ni vile vipande viwili vya kulengea juu ya bastola, cha mbele kimesimama, cha nyuma kina mwanya). Huwa nakataa, na wengine wananuna wanafikiri nawanyima huduma, lakini ukweli ni kwamba saiti ndiyo kitu cha mwisho kulaumiwa.

Fikiria hivi. Bastola nyingi za kazi, tuseme Glock 17, kutoka saiti ya mbele mpaka ya nyuma ni kama milimita 165 tu. Saiti ya mbele ikihama milimita 1 ndani ya ule mwanya wa nyuma, kwenye mita 25 risasi inaenda sentimita 15 nje. Mita 10 ni sentimita 6. Makarov ndiyo mbaya zaidi kwa sababu saiti zake zimekaribiana, kama milimita 130, milimita moja hiyo hiyo kwenye mita 25 inakuwa sentimita 19. Sasa wewe kidole chako kikisukuma triga kwa hasira mdomo wa mtutu unaenda wapi? Mbali kuliko hiyo milimita, na inatokea kabla risasi haijatoka.

Kwa mtu wa mkono wa kulia, kushoto chini karibu kila mara maana yake ni moja: anasubiri mshtuko, yaani ule msukumo wa bastola kurudi nyuma ikilipuka. Anajua kelele inakuja, kwa hiyo sekunde ile ile anayovuta triga anabana ngumi yote na kusukuma bastola chini ili apambane na mshtuko ambao bado haujafika. Wa mkono wa kushoto inageuka, anapiga kulia chini. Kuna dada mmoja mlinzi, mashoto, alikuja na malalamiko yake kwamba bastola ya kampuni inapiga kulia, mwenzake wa zamu ya usiku anatumia bastola hiyo hiyo na analalamika inapiga kushoto. Silaha moja! Saiti itasogezwa upande gani hapo?

Dawa ya kuthibitisha ni rahisi. Tafuta risasi bandia, zile za mazoezi ambazo hazina baruti, halafu mwambie mwenzako akujazie magazini achanganye za kweli na hizo, wewe usijue ipi iko wapi. Piga polepole. Ukifika kwenye bandia, triga inalia "tak", hakuna mlipuko, na kila mtu aliyesimama pale ataona mdomo wa bastola unainama kama mtu anayesalimia mkwe. Yule dada alipoona yake inainama alicheka mwenyewe, akaweka bastola mezani, akasema haya afande nimeelewa. Huko nyumbani fanya mazoezi makavu: hakikisha chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) ni tupu, angalia kwa macho halafu weka kidole uguse, risasi zote ziwe chumba kingine, elekeza kwenye ukuta ambao hauna mtu nyuma yake, halafu mtu akuwekee sarafu ya shilingi 500 juu ya slaidi (kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga) karibu na saiti ya mbele. Vuta triga. Ikianguka, bado.

Mambo mengine ya mwili nayapitia haraka. Kidole kikigusa triga kwa ncha tu mara nyingi kinasukuma pembeni, kikiingia sana kinavuta, kwa hiyo weka ile nyama ya katikati ya ncha ya kidole na uvute kurudi nyuma moja kwa moja. Mshiko ukibadilika katikati ya magazini, matundu nayo yatatembea. Jicho lenye nguvu likiwa upande tofauti na mkono, geuza kichwa kidogo, usihamishe bastola mkono.

Macho yenyewe lakini tuyaongelee, maana hapa ndipo wengi wanapotea. Jicho haliwezi kuona vizuri saiti ya nyuma, ya mbele na karatasi kwa wakati mmoja, lazima uchague, na kinachochaguliwa ni saiti ya mbele. Karatasi iwe na ukungu, sawa tu. Saiti ya mbele ikae katikati ya mwanya, mwanga kushoto na kulia uwe sawa, juu zilingane. Sisi ambao umri umesonga saiti ya mbele ndiyo inayoanza kupotea, mzee anapiga ovyo anadhani mkono unatetemeka kumbe anahitaji miwani tu. Na jua letu hili, likiwaka kutoka upande mmoja, ule upande wa saiti unang'aa na jicho linadanganyika kuhusu katikati iko wapi. Wazee wa jeshi walikuwa wanapaka masizi ya tadooba (kibatari) kwenye saiti ili iwe nyeusi tii isiakisi mwanga, na mpaka leo inafanya kazi vizuri (toa slaidi kwanza banange, usipeleke moto karibu na risasi). Ikikushinda, kalamu nyeusi ya maka inatosha.

Kuna pia wale ambao bastola yao "inapiga juu" na haina kosa lolote. Mwingine amezoea kulenga chini ya duara jeusi, duara likae juu ya saiti, mwingine analenga katikati kabisa, na bastola nyingine zimetengenezwa kiwandani ili risasi igonge pale saiti ya mbele inapofunika. Jua kwanza yako inataka nini. Risasi nazo zinahesabika: 9mm ya greini 115 na ya greini 147 (greini ni kipimo cha uzito wa risasi) hazigongi sehemu moja. Ile nzito inatoka polepole, inakaa ndani ya mtutu muda mrefu kidogo wakati bastola imeshaanza kuinuka kwa mshtuko, kwa hiyo kwenye umbali wa bastola kawaida inagonga juu zaidi. Watu wanasema kitu kizito kitaanguka chini, hapana. Kwa hiyo kampuni ikibadilisha aina ya risasi na ghafla walinzi wote wanapiga juu au chini, usianze kuwafokea.

Sasa tuseme umefanya hayo yote. Unaenda renji (uwanja wa shabaha), mita 15, unakaa mezani, mikono imelala juu ya gunia la mchanga, lakini fremu yenyewe na mtutu visiegemee kitu kigumu. Unapiga risasi tano polepole. Unabadilisha karatasi unapiga tano zingine. Halafu, na hii usiiruke, unampa mtu mwingine anayejua kupiga naye apige zake. Kama matundu yametawanyika huku na huku, saiti haina la kukusaidia, hapo angalia kama saiti yenyewe inacheza kwenye mfereji wake, kama skrubu imelegea, kama mdomo wa mtutu umegongwa, kama mtutu umeliwa, ama rudi kwa kidole. Lakini kama nyote wawili mmetoa kundi dogo, zuri, limekaa sehemu ile ile nje ya katikati, sasa ndiyo tunaongea saiti.

Sheria yake: saiti ya nyuma inakwenda kule unakotaka risasi iende. Unataka risasi ihamie kulia, saiti ya nyuma isogee kulia. Unataka ipande, saiti ya nyuma ipande. Ya mbele ni kinyume: risasi inapiga chini, saiti ya mbele ipunguzwe, inapiga juu, weka ndefu zaidi. Wengi wanachanganya hapa halafu kundi linazidi kukimbia.

Kiasi gani? Usikisie. Chukua umbali wa kosa kwenye karatasi, zidisha na urefu kati ya saiti mbili, gawa kwa umbali wa shabaha, vyote viwe milimita. Kundi liko sentimita 10 kushoto kwenye mita 15, bastola ni ya milimita 165: 100 mara 165, gawa kwa 15,000, unapata 1.1. Milimita moja na kidogo tu! Ndiyo maana anayegonga kwa nyundo ya seremala anaiharibu. Bastola tupu, magazini nje, slaidi imetolewa na kubanwa kwenye jiliwa yenye mbao ama ngozi isikwaruze, chora mstari mwembamba wa penseli unaovuka saiti na slaidi uone ulipoanzia, halafu gonga kidogo kidogo kwa kipande cha shaba ama plastiki ngumu. Chuma kwa chuma hapana. Kama fundi wa silaha ana ile mashine ya kusukuma saiti, bora zaidi.

Juu na chini kwenye saiti zisizo na skrubu ni kubadilisha saiti yenyewe. Glock wana za nyuma za urefu tofauti, 6.1, 6.5, 6.9 na 7.3, na ya kawaida ni 6.5. Kila hatua ni milimita 0.4, kwenye mita 25 inahamisha kama sentimita 6. Makarov saiti ya mbele imechongwa pamoja na slaidi, kwa hiyo unahangaika na ya nyuma. Ukiamua kupiga tupa saiti ya mbele, piga mara mbili tatu, nenda upime, rudi, maana ulichokula hakirudi. Zenye skrubu ni raha, klik moja unapima, lakini soma kijitabu chake skrubu inazungushwa upande gani.

Jambo la mwisho ni la karatasi za serikali. Tangu mwaka 2018 Rais alipoagiza bunduki zote zichukuliwe alama zake baada ya mauaji ya mbunge, Mheshimiwa Abiriga, alama zinazosomwa ni zile ambazo silaha inaacha kwenye risasi na ganda. Kusogeza saiti hakugusi hizo. Lakini fundi wa mtaani akikuambia dawa ya kupiga kushoto ni kubadilisha mtutu ama kuukwangua kwa ndani, chukua bastola yako uondoke, mambo ya mtutu na pini inayogonga risasi yanaanzia kwa polisi waliokupa kibali. Na kama ni silaha ya kampuni, hata hiyo saiti si yako kuigusa, peleka ile karatasi yenye matundu kwa mkubwa wa ghala, andika umbali na aina ya risasi pembeni, yeye atajua la kufanya.