Uhispania mwezi wa Julai: miji mitatu ilitutosha

Saa tisa mchana, Córdoba. Kibao cha duka la dawa kilikuwa kinaonyesha digrii 43. Mitaa mitupu, madirisha yote yamefungwa, na mimi na mume wangu tumejibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, tunagombana. Yeye anataka tuwahi treni ya Sevilla jioni ileile. Mimi miguu imevimba, na ule msikiti wa kale ulionitoa Mombasa nimeupitia mbio mbio katikati ya msongamano wa watu.

"Mama Nasra, hatukulipa nauli yote hii kuja kulala," akaniambia.

"Na kuona je, Baba Nasra? Tangu juzi tumeona nini? Tunapita tu."

Tulirudi hotelini kimya, tukafunga mbao za dirisha, tukalala. Tulipoamka saa kumi na mbili, jua bado liko juu, yeye mwenyewe ndiye aliyechukua daftari la safari akafuta Sevilla na Ronda. Tulikuwa tumepanga miji mitano kwa siku nane. Ikabaki mitatu: Toledo, ambayo tulishaipita, Córdoba na Granada. Kama unapanga safari hii na mwenzako, anza pale tulipomalizia sisi. Miji mitatu, na kila mmoja ulale angalau usiku mbili.

Jambo la pili ni saa. Kule kusini kiangazi kina mpangilio wake, na wenyeji hawashindani nacho. Kuanzia saa nane mchana maduka mengi madogo hufungwa hadi saa kumi na moja hivi. Watu wanakula chakula cha mchana saa nane au saa tisa, wanapumzika, halafu mji unafufuka jioni. Chakula cha usiku ni kuanzia saa tatu. Jua la Julai linazama saa tatu u nusu imeshapita, kwa hiyo anayeswali ajue kwamba Maghribi yake iko karibu na saa nne usiku na Isha inapita saa tano. Sisi tulitumia ruhusa ya msafiri, tukapunguza na kukusanya swala. Baada ya ule ugomvi tukawa tunatoka saa moja asubuhi, tunarudi saa saba, tunalala, tunatoka tena saa moja jioni. Hatukugombana tena.

Kesho yake tukaurudia ule msikiti mkuu wa Córdoba, ambao leo ni kanisa kuu. Jumatatu hadi Jumamosi asubuhi huwa kuna saa moja ya kuingia bila malipo, kuanzia saa mbili u nusu, kabla makundi ya watalii hayajafika. Tumia saa hiyo. Abd al-Rahman wa Kwanza, amiri Muislamu wa Córdoba, alianza kuujenga katika miaka ya 780, na waliomfuata wakauongeza mara kadhaa, mpaka sasa nguzo zilizobaki ni zaidi ya 850. Ukizitazama kwa karibu utaona hazifanani: nyingine nyeusi, nyingine za waridi, vichwa vyake vimechongwa kwa mikono tofauti, maana nyingi za mwanzo zilitolewa kwenye majengo ya Warumi na ya Wavisigothi, waliotawala kabla ya Waislamu. Juu yake matao yamepangwa mawili mawili, tofali jekundu na jiwe jeupe kwa zamu. Baba Nasra aliegemeza kiganja kwenye nguzo moja na hakukiondoa kwa muda mrefu.

Mji ulichukuliwa na mfalme Mkristo Fernando wa Tatu mwaka 1236, na katika karne ya 16 wakajenga kanisa refu katikati kabisa ya nguzo zile. Niliumia kuliona, sifichi. Ila nawaambia Waislamu wenzangu mapema: kuswali mle ndani hakuruhusiwi, na walinzi wanafuatilia. Ukisimama mbele ya mihrabu ile ya vijiwe vya dhahabu, omba dua kimoyomoyo. Ukifika Granada, upo msikiti uliofunguliwa mwaka 2003 katika mtaa wa Albaicín, una bustani inayotazamana na Alhambra, ile ngome yenye majumba ya wafalme Waislamu wa zamani. Tuliswali pale kwa utulivu.

Sasa Alhambra. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibikiwa, na sisi tulikaribia. Tulikata tiketi za ndege kwanza, tukaja kutafuta tiketi za Alhambra wiki tatu kabla ya safari, za mchana zote zimekwisha. Fanya kinyume chake: angalia kwanza siku ambazo Alhambra ina nafasi, ndipo upange siku zako kuizunguka. Tiketi hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti, na inakupa saa maalumu ya kuingia kwenye majumba ya kifalme ya Banu Nasri, ukoo wa Kiislamu uliotawala Granada. Saa hiyo ikikupita, huingii.

Tulichopata ni tiketi mbili tofauti: ya majumba usiku, na ya bustani na ngome asubuhi yake. Leo ningeichagua ile ya usiku hata kama zile za mchana zingekuwepo. Usiku watu ni wachache, na taa zinamulika kuta kutoka chini, kwa hiyo kila herufi iliyochongwa kwenye lipu inatoa kivuli chake. Maneno ni yaleyale kila upande: *wa la ghaliba illa Llah*, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Mimi nimesoma chuoni utotoni, na kwa kidole hewani nikawa namfuatishia mume wangu herufi moja moja. Nilizikumbuka nyumba za Lamu na zidaka zake za chokaa. Mafundi hawakujuana, lakini wote waliipa lipu kazi ya kupendeza.

Asubuhi, kwenye bustani za Generalife, utafute ile ngazi ya maji. Juu ya kuta fupi za pande zake, pale unapotarajia kushika mkono, wamechimba mfereji, na maji yanateremka ndani yake. Unashuka ngazi mkono wako uko ndani ya maji baridi. Tulipanda na kushuka mara tatu.

Mambo mengine kwa haraka. Maombi ya viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Treni ya mwendo kasi kutoka Madrid kwenda Toledo ni kama nusu saa tu, lakini kwenda Córdoba lazima urudi tena Madrid, kwa hiyo mizigo mikubwa iache huko. Maji ya bomba yanafaa kunywa. Nyama ya nguruwe wanaitia hata kwenye supu ya mboga, na salmorejo, ule urojo baridi wa nyanya na mkate wa Córdoba, hunyunyiziwa vipande vya nyama hiyo juu. Sema *sin jamón*, yaani bila paja la nguruwe, kabla hujaketi sawasawa.

Wala usiogope lugha, maana maneno yao mengi yametoka Kiarabu kama ya kwetu. Sukari ni *azúcar*, zafarani ni *azafrán*, zeituni ni *aceituna*, fulani ni *fulano*. *Hasta* yao ni ileile hata ya wazee wetu yenye maana ya mpaka. Meya wanamwita *alcalde*, ambalo chimbuko lake ni kadhi. Na mto wa Córdoba, Guadalquivir, ni *al-wadi al-kabir*, mto mkubwa.

Usiku wetu wa mwisho Granada tulipita kichochoro ambacho kina mama watu wazima walikuwa wametoa viti nje ya milango yao, wanapunga upepo na pepeo mkononi, kama kina bibi wa Mji wa Kale barazani. Mmoja akasogeza kiti, akakipigapiga kwa kiganja. Baba Nasra, mwenye daftari la ratiba mfukoni, ndiye aliyeketi wa kwanza. Tuliondoka pale saa sita usiku.