Achana na hizo klipu kabla hujalipa

Umeandika kwamba una miaka 17, umeokota BMX ya mitumba soko la Gikomba, ile baiskeli ndogo ya mbio za matuta, unataka kujifunza mbio, na unauliza upepo wa tairi, kutoka kwenye lango la kuanzia, kukata kona, halafu eti kuna jamaa anakushikia pedeli za klipu, zile zinazokamata kiatu, kwa bei poa, uharakishe au ungoje? Hayo ya mwanzo sikuyasoma vizuri. Nilipofika kwenye neno klipu, mtulinga ulinichoma.

Usinunue. Mimi nilinunua.

Shilingi 9,500, pedeli pamoja na viatu vyake, kutoka kwa mwenye duka mjini aliyekuwa na kikombe cha chai mkononi na maneno matamu kuishinda hiyo chai. Akaniambia mabingwa wote hufunga miguu, kwamba pedeli bapa, zile za kukanyaga tu, ni za watu wa kusambaza maziwa. Kuhusu mabingwa hakudanganya. Mbio za BMX ziliingia Olimpiki Beijing 2008, na wale watu huteremka kilima cha mita 8 wakiwa wanane bega kwa bega. Mguu ukichomoka hapo ni balaa. Lakini wengi wao wamepanda hizo baiskeli tangu utotoni. Mimi nilikuwa na wiki tatu na suruali ya shule niliyoikata magotini. Hilo aliliona kwa macho yake na bado akanihesabia chenji.

Ubaya wa klipu ni utamu wake. Siku ya kwanza nilivuta miguu juu, baiskeli nzima ikapaa. Nikajiona fundi! Kumbe viatu ndivyo vilivyokuwa vikiruka, mimi nilikuwa mzigo tu. Sikujua kunyoosha mikono na kurudisha makalio nyuma ili gurudumu la mbele liinuke. Sikujua kuelekeza vidole vya miguu chini na kuisukuma pedeli kwa nyuma ili la pili lifuate.

Jumamosi yake, kwenye matuta tuliyochimba wenyewe mtaani Umoja, nikaruka bila kasi ya kutosha. Gurudumu la mbele likajikita kwenye ncha ya tuta lililofuata, baiskeli ikasimama, ikaanza kulala kulia. Mwenye pedeli bapa hapo anaweka mguu chini, anachekwa, yanaisha. Klipu haikuachii mpaka uzungushe kisigino kuelekea nje, na nani hukumbuka kisigino akiwa anaanguka? Nilivuta mguu juu. Nikavuta tena. Nikashuka nimefungwa kama kuku wa kupelekwa soko kwa bodaboda, bega likatangulia, nikasikia kah! Vijana waliokuwepo walichelewa kuniinua kwa sababu ya kicheko. Siwalaumu, baiskeli ilikuwa bado imening'inia miguuni.

Wiki sita mkono shingoni. Kila asubuhi mama akinifunga vifungo vya shati ananiuliza kwenye mbio nilishika namba ngapi.

Kwa hivyo, mdogo wangu, usifunge miguu hadi uruke chupa ya soda iliyosimama, mara kumi mfululizo, kwa pedeli bapa. Anza nayo ikiwa imelazwa. Ukiigusa, unaanza kuhesabu upya. Mimi ilinichukua miezi minne, na mkono mmoja ulikuwa bado unaogopa. Na kabla hujagusa chupa, tafuta matuta madogo matatu manne, ingia na kasi kidogo, kisha usikanyage pedeli hata mara moja. Simama, pedeli ziwe usawa mmoja, magoti na viwiko vikunjwe, macho yawe kwenye tuta la mbele, si kwenye tairi. Tuta likipanda, iache baiskeli ije kifuani. Likishuka, isukume chini kwa mikono na miguu. Ukipatia, kasi inaongezeka bila kukanyaga. Ukikosea utasimama katikati kama matatu iliyoishiwa mafuta, na vizuri, maana miguu iko huru.

Langoni? Mguu wenye nguvu mbele, simama, lango likianguka peleka kiuno kwenye usukani. Utajifunza. Ukiwa na mifupa.

Vile viatu bado ninavyo, saizi 42, nikivivaa sakafuni vinalia kama punda kwenye lami. Anayevitaka ni bure, ila kwanza aje aruke chupa mbele yangu.