Daftari la mzee wa moyo: kulisoma bila kupotosha

Mzee mwenye maradhi ya moyo hapa Tanga mara nyingi ana karatasi za mahali patatu au panne: daftari la zahanati ya mtaani, kadi ya kliniki ya presha, karatasi za Hospitali ya Bombo, pengine na barua ya rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Karibu zote zimejaa vifupisho vya Kiingereza, na anayezibeba ni binti au mjukuu, ambaye ndiye huulizwa, "Mzee anasumbuliwa na nini?" Neno usilolijua utaliuliza tu. Lenye madhara ni lile unalodhani unalijua.

Tazama alama kabla ya maneno. ?IHD maana yake daktari anashuku kwamba mishipa inayolisha moyo imeziba, lakini hajathibitisha. r/o ni ugonjwa ambao bado anataka kuuondolea shaka. k/c/o ni ugonjwa uliokwisha kujulikana. c/o ni malalamiko ya siku ile, na NAD ni habari njema: wamepima, hawakuona kasoro. Mjukuu akiisoma ?IHD bila alama yake, atamwambia daktari wa pili kwamba mishipa ya babu imeziba. Daktari wa pili naye ataandika k/c/o IHD, na tangu siku hiyo shaka imekuwa ugonjwa ingawa hakuna kipimo kilichofanywa.

HTN ni presha, DM ni kisukari, CVA ni kiharusi, CKD ni figo zilizodhoofika kwa muda mrefu, AF ni mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. HHD ni moyo ulioathiriwa na presha ya miaka mingi. DCM ni moyo uliotanuka na misuli yake kulegea.

CCF (wengine huandika CHF au HF) ndiyo inayotisha nyumba nzima, kwa sababu hutafsiriwa "moyo umefeli" na watu huelewa kwamba umesimama au u karibu kusimama. Maana yake ni kwamba moyo unafanya kazi lakini hausukumi damu ya kutosheleza mwili, kwa hiyo maji hurudi nyuma: kwenye mapafu pumzi zinakata, kwenye miguu inavimba. Watu huishi na hali hiyo miaka mingi wakitunza dawa zao.

Kwenye majibu ya eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, utaona EF, labda 35%. Usiisome kama alama za mtihani. EF ni kiasi cha damu kinachotoka kwenye chumba kikuu cha kushoto kwa kila pigo, na hakuna moyo unaotoa 100. Mzima hutoa kama 55 hadi 70. Kuanzia 41 hadi 49 msukumo umepungua kidogo, 40 kushuka chini umepungua hasa. Wala EF 60 haimwondolei mtu CCF, kwani moyo uliokakamaa kwa presha husukuma vizuri lakini haujai vizuri, na miguu huvimba vilevile. Iandike EF pamoja na tarehe ya kipimo. Ya miaka mitatu iliyopita haisemi hali ya leo.

Upotoshaji mwingine hutoka kwetu kwenda kwa daktari, na huu ndio unaoachwa bila kuangaliwa. Tunasema "alipata mshtuko" kwa mtu aliyeanguka baada ya kuletewa habari ya msiba. Daktari akisikia mshtuko wa moyo huenda akaandika MI, yaani sehemu ya misuli ya moyo ilikosa damu ikafa. Tunasema "alipandwa na presha" kwa mtu aliyeghadhibika tu. Na bibi akisema anaumwa chembe cha moyo, anaonyesha pale chini ya kifua, juu ya tumbo, ambapo maumivu yanaweza kuwa ya tumbo au ya moyo kweli. Mwache aonyeshe kwa mkono wake, nawe usimtafsirie. Eleza lililotokea: aliumwa wapi, kwa muda gani, alitoka jasho au la, alilazwa wapi, alipimwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) au hakupimwa.

Pumzi nazo zina vipimo vyake. Daktari akitaka kujua kama mzee analala chali, mtajie idadi ya mito. Aliyekuwa akilalia mmoja na sasa anataka mitatu hali yake imebadilika. PND ni kuamshwa usiku na kukosa pumzi, kisha nafuu ikaja akikaa kitako. NYHA ni daraja la I hadi IV: la kwanza, kazi za kawaida hazimchoshi, la pili zinamchosha, la tatu hata kuvaa nguo au kwenda msalani kunamtoa pumzi, la nne anahema akiwa amekaa. Kwa wakazi wa Ngamiani, hapa mjini Tanga, kupima ni rahisi, barabara zetu zina namba: mwezi uliopita alivuka ngapi bila kusimama, na leo ngapi?

Kwenye dawa, OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. 1x2 ni kidonge kimoja mara mbili, na 2x1 ni viwili kwa mara moja. Soma jina la dawa yenyewe, lile dogo chini ya jina la kampuni. Lasix, Frusemide na Furosemide ni dawa moja ya kutoa maji. Mzee aliyepewa kwa majina mawili sehemu mbili humeza dozi maradufu, akasimama na kizunguzungu, akaanguka. Diklofenaki na ibuprofeni za kuondoa maumivu ya magoti hubakiza chumvi na maji mwilini na kuzichosha figo. Zikiwemo ndani ya nyumba, zitaje, hata kama zilinunuliwa dukani bila cheti.

Anayetumia dawa za moyo na presha kama Spironolactone pamoja na Losartan au Enalapril huweza kupandisha potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, ambayo kwenye majibu huandikwa K na kwa kawaida huwa 3.5 hadi 5.0. Madafu yana potasiamu nyingi. Muulize daktari kabla ya kumpa kila siku, ingawa tunayo mlangoni.

Kreatinini, kipimo cha figo, huja kwa vizio viwili. 1.2 mg/dL ni sawa na 106 µmol/L, maana unazidisha kwa 88.4. Wengi wamedhani figo zimeharibika ghafla, kumbe maabara imebadilika tu.

Yote haya yaandike kwenye ukurasa mmoja nyuma ya daftari: magonjwa yaliyothibitishwa, yanayoshukiwa, EF na tarehe yake, dawa na dozi, dawa zilizowahi kumdhuru. Chini yake acha nafasi ya uzito. Mpime kila asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai. Akiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji. Mpeleke siku hiyohiyo, usingoje tarehe ya kliniki.