Programu inaonyesha kijani, kumbe bakapu haipo

SWALI: Habari mshauri. Mimi ndo nashughulikia vihatarishi kwenye taasisi yetu, tuko wafanyakazi kama 80 hivi. Mwaka jana tuliachana na Excel tukanunua programu ya kusimamia vihatarishi, kila idara ikajaza rejesta yake, yaani orodha ya vihatarishi vyake, dashibodi ikawaka rangi na bosi akafurahi. Sasa juzi seva imegoma, tunakimbilia bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, tunakuta haijachukua kitu miezi minne, na kile kihatarishi cha kupoteza data kwenye programu kilikuwa kijani muda wote! Bosi anasema turudi Excel. Hivi programu ni mbovu au shida ni sisi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, najua hizo siku zilivyo. Ila programu haijawadanganya, imewaonyesha kile mlichoijaza. Hebu fungua hicho kihatarishi sasa hivi uangalie sehemu mbili tu, mmiliki na tarehe ya mapitio ya mwisho. Nadhani kwenye mmiliki utakuta pameandikwa "Idara ya TEHAMA" na tarehe itakuwa ileile mliyojaza siku ya kwanza. Idara haipokei simu bwana, weka jina la mtu, maana programu ikituma kikumbusho kwa idara nzima kila mmoja anajua mwenzake atajibu.

Sasa ile kijani ilitoka wapi. Programu nyingi zinazidisha uwezekano kwa athari, kila kimoja kuanzia 1 mpaka 5, kwahiyo mtu aliandika uwezekano 1 kwa sababu bakapu ipo, athari 5, ikaja 5 kati ya 25, kijani. Ile 1 yote imesimama juu ya bakapu kufanya kazi, na hakuna aliyeulizwa tena kama inafanya! Alafu cheki hapa, printa inayokwama kila siku ni uwezekano 5 athari 1, nayo inapata 5 vilevile, yaani kwenye dashibodi printa na kupoteza data yote ni ndugu. Ndo maana mimi nashauri kila chenye athari 5 kiwe na orodha yake pembeni na kisomwe kila kikao hata kama alama yake ni ndogo.

Kuhusu kurudi Excel, mimi sikubaliani kabisa. Mwaka 2012 benki ya JPMorgan ilipoteza zaidi ya dola bilioni 6 kwenye biashara ya ofisi yake ya London, na uchunguzi wa benki yenyewe ukakuta modeli ya kupima hatari ilikuwa inaendeshwa kwa majedwali ya Excel, watu wanakopi na kupesti kwa mkono, na sehemu moja fomula iligawanya kwa jumla badala ya wastani ikafanya hatari ionekane ndogo kuliko ilivyo. Sio kwamba hiyo fomula peke yake ndo ilileta hasara yote, hapana, ila Excel haikumbushi mtu na faili likikaa tu kwenye kompyuta ya mtu huwezi kujua kirahisi nani alibadilisha seli gani lini. Programu inaweza, na hicho ndicho mlicholipia.

Kwahiyo itumieni kwa hilo. Kiwango cha kimataifa cha kusimamia vihatarishi, ISO 31000 cha 2018, kinahesabu ufuatiliaji na mapitio kama sehemu ya kazi yenyewe, sio kitu cha kufanya mkipata nafasi. Ingia kwenye mipangilio uweke kwamba kila udhibiti, yaani kile kinachozuia kihatarishi kama hiyo bakapu, unahitaji ushahidi kila siku 30, kwa bakapu ushahidi ni picha ya faili lililorejeshwa likafunguka, sio mtu kutiki "ipo", na ushahidi usipokuja rangi ibadilike yenyewe. Kama programu yenu inaweza kuunganishwa na mfumo wa bakapu ni bora zaidi, isome masaa yaliyopita tangu bakapu ya mwisho iliyofaulu, ikipita 24 iwe njano, 48 nyekundu na ujumbe uende kwa mmiliki na kwa bosi pia. Na bosi mwandaeni mapema, maana nyekundu ya kwanza akigomba watu watajifunza kujaza kijani tena.

Vile vihatarishi vingine vyenye athari 5 usisubiri robo mwaka iishe, anza navyo wiki hii kimoja kimoja, kaa na mwenye nacho na umwambie akuonyeshe huo udhibiti ukifanya kazi mbele yako.