Mtoto analia kila jioni: nimpeleke akakandwe?

Dada, umesema mwanao wa wiki 6 analia kila jioni hapo London, na jirani anakuhimiza umpeleke kwa mtaalamu wa osteopathia (tiba ya kukanda na kunyoosha viungo kwa mikono) eti kichwa kilibanwa wakati wa kuzaliwa. Mimi nisingelipa. Tiba hiyo, iliyoanzishwa na Andrew Taylor Still huko Marekani mwaka 1874, inaweza kumfaa mtu mzima mwenye maumivu ya kiuno, ikiambatana na mazoezi. Kwa vichanga ushahidi ni hafifu. Kilio cha chango hupamba moto karibu na wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe kufikia miezi 3 au 4. Kwa hiyo yeyote atakayemkanda katikati hapo ataondoka na sifa. (Bibi zetu na mvuje wao pia!)

Mbebe, mcheulishe. Ukielemewa, mlaze chali kitandani mwake ukapumue kidogo, usimtikise kamwe. Ukiamua kwenda, hakikisha mtaalamu yumo kwenye rejista ya General Osteopathic Council, baraza linalosimamia wataalamu hao Uingereza, na asimkunje mtoto shingo.

Ila joto likifika 38, akitapika kijani au akigoma kunyonya, mkimbize hospitali papo hapo.