Watakuuliza kama umekula

Siku yangu ya pili kwenye shule niliyokwenda kufundisha Thailand, mwalimu mmoja, mama wa makamo, alinikuta barazani akaniuliza: "Kin khao rue yang?" Sentensi hiyo nilikuwa nimeshaijua: umekula wali au bado? Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu ukiulizwa umekula, ujue sufuria liko jikoni. Nikajibu "bado", nikasimama nikingoja kuongozwa. Akatabasamu, akapita zake. Kumbe ni salamu tu, kama sisi tunavyoulizana habari za nyumbani bila kutaka kusikia kwamba paa linavuja.

Ndugu yangu unayejiandaa kwenda Thailand kufundisha Kiingereza, watu watakutisha kwa mambo yasiyofanana na ya kwetu: wadudu wa kukaanga, herufi zisizosomeka, lugha yenye toni tano. Hayo utayazoea. Yaliyonitesa mimi ni yale yanayofanana na ya kwetu, kwa sababu nilijiona nimeshayajua.

Lakini nianze na makaratasi, maana huko ndiko watu wanakoumia zaidi. Utahitaji shahada ya chuo kikuu, na viza ya Non-B, ile ya kazi, kabla hujapanda ndege. Sisi wa Tanzania tunaiomba ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nchi zetu ziko kwenye orodha na watakiuliza. Kwa kuwa Kenya, Uganda na Tanzania hazihesabiwi kuwa nchi za wenye Kiingereza chao, shule nyingi zitakutaka uwe na alama za mtihani wa Kiingereza kama TOEIC, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu utotoni. Kero, najua. Fanya mtihani uendelee. Ukishafika kuna kibali cha kazi, kuna kibali cha kufundisha kutoka baraza la walimu, Khurusapha, na kila siku 90 unaripoti uhamiaji. Anayekwambia "ingia kwa viza ya utalii, mengine tutayamaliza hukuhuku" anakutafutia kesi.

Yupo na mbaya kuliko huyo. Vijana wa Kenya, Uganda na Ethiopia waliahidiwa kazi nzuri Thailand, wakatua Bangkok, wakapakiwa kwenye gari hadi Mae Sot mpakani, wakavushwa mto Moei kuingia Myanmar. Huko wakafungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Shule ya kweli ina anwani, ina mkuu wa shule, na itakubali uongee kwa video na mwalimu mgeni aliyepo. Ukiona tiketi imekuja haraka kuliko mkataba, usipande.

Mkataba wenyewe usome idadi ya miezi. Mwaka wa shule unaanza katikati ya Mei na kuisha Machi. Wakala wengine huandika miezi kumi, kwa hiyo Machi na Aprili unakula akiba. Wa kwangu ulikuwa na tarehe ya mwaka 2566. Nilimrudishia karani nikidhani kakosea kuchapa. Wanahesabu kwa kalenda ya Buddha. Toa 543 utapata 2023.

Sasa adabu. Wai, yaani kuunganisha viganja na kuinamisha kichwa, ichukulie kama shikamoo. Mdogo ndiye anayeanza. Wiki ya kwanza nilimpigia wai kila niliyekutana naye, hadi watoto wa darasa la kwanza, wakaangua kicheko. Hebu fikiria mwalimu wako wa zamani anakuamkia shikamoo getini. Mtoto akikusalimu, tikisa kichwa na tabasamu, inatosha. Kitu mpe mtu mzima kwa mkono wa kulia au yote miwili, kama ulivyolelewa. Viatu vinavuliwa mlangoni, mara nyingi hata mlango wa darasa, kwa hiyo nunua visivyo na kamba na ukague soksi zako.

Hapo ndipo nilipoamini kwamba ninayajua yote. Mtoto mmoja akasoma aya nzima bila kukwama, nikampapasa kichwani kumpongeza. Msaidizi wangu aliganda. Kichwa kwao ndicho sehemu tukufu ya mwili, hakiguswi na mtu hivi hivi. Miguu ndiyo ya chini kabisa, haielekezwi kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha. Shikamoo yetu, ambayo wengi huieleza kuwa ni kushika miguu ya mkubwa, sijathubutu kumtafsiria yeyote. Mtoto mwenyewe alicheka tu, ila tangu siku hiyo mikono yangu naifunga nyuma ninapozunguka darasani.

Na fimbo isahau. Adhabu shuleni ni onyo, kukatwa alama na kazi za kurekebisha tabia. Lakini hata ulimi wako una fimbo. Kwetu mwalimu anamkejeli mwanafunzi mbele ya wenzake, darasa linacheka, maisha yanaendelea. Kule kumuumbua mtu hadharani ni jeraha, na wanaokuona umepayuka wanakudharau wewe, si yeye. Mvute pembeni, sema taratibu.

Ukiuliza "mmeelewa?" watajibu ndiyo kwa sauti moja. Sisi tulijibu hivyohivyo darasa la tano, basi nikajiona mjanja: nikawaambia asiyeelewa anyooshe mkono, asiogope. Hakunyoosha mtu. Kumbe haikuwa woga. Wana kitu wanakiita kreng jai, ambacho kwa Kiswahili nakiona karibu na staha: hutaki kumsumbua mwenzio wala kumfanya mwalimu aonekane hakueleza vizuri. Kwa hiyo usiulize. Wape kibao kidogo kila mmoja aandike jibu akinyanyue, au waache wanong'onezane wawili wawili kwanza. Darasa langu lilibadilika siku nilipoacha kuuliza maswali ya kwenda kwa mtu mmoja mmoja.

Majina yatakuchekesha. Kila mtoto ana jina refu la kwenye cheti na jina fupi la nyumbani, na mafupi mengi ni ya Kiingereza: Bank, Benz, Apple. Nilikuwa na binti anaitwa Beer. Mtoto wa madrasa mimi, saa mbili na nusu asubuhi nasimama darasani naita Beer, Beer. Nilipomwita Ball hakuitika mtu, mpaka jirani yake akanisaidia: "Bon!" L ya mwishoni kwao inageuka N, na S ya mwishoni mara nyingi inapotea kabisa. Sisi Kiingereza tunakiongezea irabu, tukapata buku na skuli. Wao wanakikata mkia. Ukilielewa hilo, nusu ya somo la matamshi umeshalipata, na wewe mwenye lafudhi ya Kiswahili unaweza kuwafaa kuliko Mwingereza anayemeza maneno.

Kuhusu rangi sitakuficha. Tangazo la kazi litakuomba picha, na unajua ni ya nini. Kuna shule zitanyamaza baada ya kuiona. Dukani utatafuta losheni isiyojisifia kung'arisha ngozi, utafute sana. Watoto walinisugua mkono kuona kama rangi inatoka, wakaona haitoki, tukaendelea na somo. Wazazi wengine walichukua muhula mzima kunizoea. Kilichonisaidia ni kuomba nifundishe kipindi cha majaribio kabla ya usaili. Ni vigumu mtu kukukataa huku watoto bado wanaimba wimbo uliowafundisha.

Mfalme na familia yake usiwazungumzie kwa mzaha popote, hata kwenye simu yako. Kifungu cha 112 cha sheria yao ya jinai kina miaka 3 hadi 15 jela kwa kila kosa. Wimbo wa taifa ukipigwa saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, simama ulipo, hata kama uko sokoni na mfuko wa embe.

Chakula hakitakushinda. Kaskazini mashariki, nilikokuwa mimi, wali wa kunata unafinyangwa tonge kwa vidole na kuchovywa, vilevile kama ugali. Mwanafunzi akikuandikia 555 kwenye simu, hajakosea namba: tano kwao ni "haa", amecheka.

Na mwezi wa Juni, siku ya Alhamisi, kutakuwa na Wai Khru, siku ya kuwaheshimu walimu. Mtakaa mbele kwenye viti, watoto watakuja kwa magoti na sinia za maua. Ndani yake kuna ua la bilinganya, linaloinama likikaribia kuzaa, kwa ajili ya unyenyekevu. Kuna ua la ixora lenye ncha, kwa ajili ya akili kali. Na kuna ukoka, ule ule wa shambani, kwa sababu unakanyagwa na bado unatambaa. Nilipompigia mama simu kumwambia wanafunzi wamenipigia magoti wakanipa ukoka, alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama kazi bado ninayo.